UZI: Tabia chache za mazoezi na mlo zinazobeba mzigo wote, nyingine ni mapambo

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Naleta uzi huu kwa sababu nimechoka kuona watu wenye nia nzuri kabisa wakijimaliza kwa mambo yasiyo na maana. Kila kukicha kuna orodha mpya: amka alfajiri, oga maji ya baridi, kunywa maji ya limao tumbo likiwa tupu, acha wanga, pima kila punje kwenye mizani, funga saa kumi na sita, kanyaga hatua 10,000, meza vidonge vya rangi tano. Mtu anaanza yote Jumatatu. Alhamisi kachoka, Jumamosi kaacha, Jumatatu nyingine anajiita mvivu.

Hoja yangu ni fupi. Tabia zinazobadilisha mwili kweli hazizidi tano, na anayezishika hizo kwa kulegalega mwaka mzima anamwacha mbali anayeshika ishirini kwa wiki mbili. Kuzichagua nina kipimo kimoja tu: je, hii naiweza kwenye wiki mbovu? Ile wiki ya mtoto anaumwa, kazi zimerundikana, usingizi wa kuvizia. Kama haiwezekani hapo, naipunguza mpaka iwezekane, la sivyo naiweka pembeni.

Twende.

VINYWAJI KWANZA

Hapa ndipo penye faida kubwa kwa juhudi ndogo. Chukua chupa ya soda ya nusu lita, igeuze nyuma, usome kibandiko. Maandishi madogo, na mara nyingi hesabu imepigwa kwa mililita 100, siyo kwa chupa nzima. Unaona sukari gramu 10.6, unasema mbona kidogo tu. Zidisha mara tano: gramu 53. Hivyo ni vijiko vya chai kama 13. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa 2015 linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hizo ni gramu 50, na wanasema ukishuka hadi 25 utakuwa umefanya vizuri zaidi. Kwa hiyo chupa moja imekula mgao wako wote na imeanza kudokoa wa kesho.

Ubaya wenyewe ni kwamba sukari ya kunywa haishibishi. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watu 15. Kila mtu alipewa kalori 450 za sukari kwa siku, wiki nne kama peremende za kutafuna, wiki nne nyingine kama soda. Walipokula peremende, bila kuambiwa na mtu walipunguza chakula kingine. Walipokunywa soda, chakula kingine kilibaki palepale na uzito ukapanda. Jaribio ni dogo, lakini linaeleza kitu ambacho wengi tunakijua: hakuna aliyewahi kuruka chakula cha mchana kwa sababu kashiba soda.

Hesabu hiyohiyo ipigie chai. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, na bado mtu anakuapia kwamba yeye hatumii vitu vitamu. Na juisi, hata ya kukamua mwenyewe, ni machungwa manne yaliyopita koo kwa dakika moja. Yale machungwa ungeyala mazima, la tatu lingekushinda.

(Maji ya limao hayana kosa. Ni maji, yana limao. Mafuta hayayeyushi.)

SAHANI

Sitaki kumpimia mtu chakula. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe kitu cha protini, robo wanga. Protini ikadirie kwa kiganja chako bila vidole: samaki, kuku au nyama ya ukubwa na unene huo inakupa gramu 20 hadi 30. Yai moja ni gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15, na maharage yana nyuzinyuzi pia, kwa hiyo ni chakula kinachofanya kazi mbili kwa wakati mmoja na bado kinadharauliwa.

Kwa nini nasisitiza protini? Inashibisha kuliko wanga na mafuta, na ndiyo malighafi ya misuli. Kiwango cha chini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Ukifanya mazoezi ya nguvu unahitaji zaidi, lakini uchambuzi wa 2018 uliokusanya tafiti 49 ulionyesha kwamba ukishapita 1.6 hivi, faida kwenye misuli inaisha. Mtu wa kilo 70, gramu 112. Mikebe ya unga wa protini siyo haramu, ila wengi wangefika hapo kwa kuongeza mayai mawili asubuhi, badala ya kusubiri protini yote mlo wa usiku.

Kingine ni vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani, wakawalisha wiki mbili vyakula vya aina hiyo na wiki mbili vyakula visivyosindikwa. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale atakavyo. Wiki za viwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Walikula haraka zaidi pia. Kwa hiyo anayesema "mimi sina nidhamu" huenda tatizo lake ni kile kilichomo kabatini.

MIGUU

Hatua 10,000 hazikutoka maabara. Zilitoka kwenye tangazo. Mwaka 1965 kampuni ya Kijapani ya Yamasa ilitoa kipimo cha hatua kikiitwa Manpo-kei, "kipimo cha hatua elfu kumi", wakati joto la Olimpiki ya Tokyo ya 1964 halijapoa. Namba ilikaa vizuri mdomoni, dunia ikaibeba. Utafiti wa 2019 wa wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa miaka 72, uliona waliokuwa na hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa 2,700, na nafuu ikaendelea kuongezeka hadi 7,500 hivi, kisha ikatulia. Vijana huenda wakahitaji zaidi ya hapo, lakini ujumbe ni uleule: faida kubwa anaipata anayetoka kwenye karibu sifuri. Aliye kwenye elfu nane asikeshe akizunguka kitanda ili saa ya mkononi impigie makofi.

Na hili siyo jipya. Mwaka 1953 Jerry Morris alichapisha habari za mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima, makondakta walipanda na kushuka ngazi siku nzima. Kampuni moja, barabara zilezile. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Baadaye ikaonekana hata sare za madereva zilikuwa na viuno vipana tangu walipoajiriwa, kwa hiyo siyo yote yalitokana na ngazi, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na tafiti nyingi zikapita humo.

Ukitaka kutembea kidogo kwa faida kubwa, tembea baada ya kula. Dakika kumi baada ya mlo zinasaidia kuzuia sukari ya damu isipande sana, kwa sababu misuli inayofanya kazi inaivuta kutoka kwenye damu. Mlo wa usiku ndio unaofaidika zaidi, maana baada yake wengi tunahamia kwenye kochi.

NGUVU

Hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwangu ndiyo ya pili kwa umuhimu. WHO kwenye mwongozo wa 2020 inataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki PAMOJA NA mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Watu wanasoma sentensi ya kwanza wanafunga ukurasa. Kuanzia miaka ya thelathini na kitu, misuli isiyotumiwa inapungua polepole, na uzeeni hiyo ndiyo tofauti kati ya anayejiinua mwenyewe na anayeinuliwa.

Hakuna kuchelewa pia. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee kumi dhaifu wa miaka 86 hadi 96, wakaazi wa nyumba ya kulelea wazee. Wiki nane za mazoezi ya miguu yenye uzito wa kweli. Nguvu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174 kwa waliomaliza. Miaka tisini, jamani.

Huna vyuma, tumia kiti. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo chini kwa upana wa mabega, mikono kifuani. Simama bila kujishika. Sasa rudi kukaa ukihesabu moja mpaka nne, na makalio yakigusa tu kiti, inuka tena usipumzike. Kule kushuka polepole ndiko kwenye kazi. Ukifika mara ya nane mapaja yanaanza kuwaka, endelea mpaka ubakiwe na mbili au tatu ambazo ungeweza kuzifanya. Halafu pushapu za ukutani, zikiwa rahisi shuka mezani, zikiwa rahisi shuka sakafuni. Halafu kitu cha kuvuta, hata begi lililojazwa vitabu. Raundi mbili tatu, dakika ishirini, mara mbili kwa wiki. Bila kuongeza uzito au ugumu kadiri wiki zinavyoenda, mwili hauna sababu ya kubadilika.

USINGIZI

Sina mengi. Mwaka 2022 timu ya Chuo Kikuu cha Chicago ilichukua watu 80 wenye uzito mkubwa waliokuwa wakilala chini ya saa 6 na nusu. Kundi moja lilisaidiwa kulala zaidi, likaongeza kama saa moja na dakika kumi. Hawakuambiwa chochote kuhusu chakula. Wakala kalori 270 pungufu kwa siku ukilinganisha na wenzao. Lala.

Karibuni kwa mawe.

#2

Mkuu uzi wa moto. Ila hapo kwenye kutembea unatupoza. Mazoezi bila jasho ni matembezi ya jioni. Mimi nakimbia, na kitambi hakiishi. Sasa mwenye kutembea si ndio atazikwa nacho?

#3 Mleta uzi

Umejijibu mwenyewe, mkuu. Unakimbia na kitambi kipo, maana kitambi kinaamuliwa zaidi mezani. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita moja anachoma kama kalori 50, zikiwemo zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Ile soda ya nusu lita ni zaidi ya 200, yaani zaidi ya kilomita nne kufuta kitu ulichokunywa kwa dakika tatu. Sijasema kutembea kunakondesha. Kunalinda moyo, sukari, shinikizo la damu na akili. Na usiache kukimbia! Dakika moja ya kukimbia WHO wanaihesabu kama mbili za wastani, 75 hadi 150 kwa wiki zinatosha.

#4

Naomba kuuliza, samahani kama ni swali la kijinga. Mimi ni mwanamke, nikinyanyua vyuma si nitakuwa na mabega kama ya baunsa? Nataka kupungua tu nyama uzembe.

#5

Dada #4, ngoja nikujibu mimi mwanamke mwenzio ninayenyanyua. Wanaume wenyewe wenye homoni tele wanalala jimu miaka na hayo mabega hawayapati. Wewe ukinyanyua mara mbili kwa wiki utapata nguvu za kubeba ndoo na mtoto kwa mkono mmoja, na suruali itakaa vizuri. Tena mifupa yetu inapungua ubora baada ya kukoma hedhi, na mazoezi ya uzito ni kati ya vitu vinavyosaidia kuishikilia. Kitu kingine, hakuna zoezi la kuondoa mafuta sehemu moja. Ukipiga matumbo mia kila siku utaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe yanatoka pale mwili unapochagua.

#6

Habari zenu, nina chai ya mitishamba inapunguza kitambi kilo 7 ndani ya siku 10, bila mazoezi bila dayati. Njoo inbox tuyajenge.

#7

#6 wewe subiri kwanza tumalize kusoma 😂. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Kilo saba ni 53,900. Kwa siku kumi ni pengo la kalori 5,390 kila siku, na watu wengi hawatumii hata 3,000 kwa siku. Kwa hiyo chai yako inachoma zaidi ya ambavyo mtu anaishi. Kinachotoka hapo ni maji na choo, mara nyingi ndani mna majani ya kuharisha. Mizani inashuka, mafuta yamekaa kimya yanakutazama.

#8

Mimi ni muuguzi, niongeze tahadhari kidogo kwa sababu watu wanasoma uzi kama huu saa sita usiku na kuanza saa sita na dakika tano. Unayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usikate wanga ghafla ukaendelea na dozi ileile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Ongea na daktari wako kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo, habari ya kuongeza protini usiifuate kutoka mtandaoni. Na ukisikia kifua kinabana ukipanda ngazi, hilo siyo suala la kukosa mazoezi, nenda hospitali.

Mleta uzi, umesahau chumvi. WHO wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mbali na ile ya mezani kuna nyingine imejificha kwenye vya pakiti, viungo vya vidonge na mikate.

#9 Mleta uzi

Ahsante sana dada muuguzi, nakubali yote. Chumvi nimeiacha kwa makusudi, maana anayepunguza vya pakiti anakuwa ameshapunguza sehemu kubwa bila kuhesabu. Ila kwa mwenye shinikizo la damu, naam, ipande iwe namba moja.

#10

Mi nafanya kazi zamu za usiku. Kulala saa saba nane kwangu ni hadithi. Na saa tisa usiku kazini kitu pekee kilicho wazi ni mashine ya soda na biskuti. Watu kama sisi mnatusaidiaje?

#11

#10 pole, niko kwenye treni hiyohiyo. Vitu viwili vilinisaidia. Kwanza chakula nakibeba, tena mlo kamili naula kabla ya kuingia zamu, kazini nakuwa na mayai ya kuchemsha na matunda tu. Njaa ya saa tisa mara nyingi ni usingizi umevaa nguo za njaa. Pili, chumba cha kulala mchana kiwe giza la kweli, pazia zito, simu nje. Kahawa mwisho nusu ya kwanza ya zamu, maana kafeini inachukua saa tano hivi kupungua nusu, ukinywa alfajiri unalala nayo kitandani.

#12

Wazee, ni siku ngapi mpaka kitu kiwe tabia? Nilisikia 21.

#13 Mleta uzi

Hiyo 21 isahau. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliojichagulia tabia moja moja. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kuna waliokadiriwa 18 na wengine 254. Glasi ya maji ilishika haraka, mazoezi yalichelewa. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Na wote waliifunga tabia yao kwenye kitu kinachotokea kila siku tayari, mfano "baada ya kifungua kinywa". Ndiyo maana nasema tembea baada ya kula na sisemi tembea saa kumi na mbili jioni. Saa inaweza kukukuta kwenye foleni, ila kula utakula tu.

#14

Magoti yananiuma. Hiyo ya kiti ninaiweza?

#15

#14 weka kiti kirefu zaidi, au ongeza mto juu yake, ushuke pale tu ambapo maumivu hayaongezeki. Maumivu madogo yanayotulia ndani ya siku moja kwa kawaida si ya kuogopa. Goti likivimba, likikwama au likikuacha unaanguka, muone mtaalamu wa viungo. Kuacha kabisa ndiko kunakolidhoofisha, kwa sababu misuli ya paja ndiyo inayolisaidia kubeba.

#16

Nina mwezi na ushee nafanya karibu yote hayo, mizani imegoma. Nimekata tamaa kidogo.

#17 Mleta uzi

Pole, lakini mizani si shahidi pekee. Uzito unacheza kilo moja au mbili kwa maji, chumvi, choo, na kwa kina dada mzunguko wa mwezi. Chukua utepe wa fundi cherehani. Tafuta mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, zungusha katikati yake, toa pumzi kawaida, usibane tumbo, soma. Huko Uingereza taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, tangu 2022 inashauri kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Una sentimita 170, lenga chini ya 85. Pima mara moja kila wiki mbili, asubuhi. Ukiona kiuno kinashuka na mizani imesimama, huenda unapoteza mafuta na kuongeza misuli. Vyote vikigoma, rudi kwenye vinywaji na vile vya kuonjaonja jikoni, kwa siku tatu andika kila kinachopita mdomoni, kisha leta hapa tukiangalie.

#18

Sawa. Mimi nina nafasi ya kitu KIMOJA tu kwa sasa, mtoto mchanga nyumbani, usingizi hakuna. Nianze na kipi?

#19 Mleta uzi

Hongera kwa mtoto! Unakunywa kitu kitamu kila siku? Kama ndiyo, anza na hicho, huhitaji muda wala nguvu, unahitaji kutokinunua. Kama hunywi, basi ile ya kiti. Seti moja baada ya kumlaza, akiamka umeshamaliza. Kama wewe ndiye uliyejifungua, subiri kwanza mkunga au daktari akuruhusu, na kama unanyonyesha usipunguze chakula, mwili unahitaji zaidi. Mengine yatasubiri mpaka mtoto aanze kulala usiku.